Vidonge vya siku ishirini: kuielewa kladribini, dawa ya kumeza ya MS

Ujumbe uliingia usiku, nikiwa nafunga duka la dawa hapa Busia. Binti ya shangazi yangu, anayejaza makaratasi ya forodha pale mpakani, alinitumia picha ya boksi la dawa na maneno haya: "Kaka, wewe si unasomaga mambo ya dawa? Hii wanasema unameza wiki moja, unapumzika, unameza wiki nyingine, halafu mwaka mzima hakuna. Ni dawa au ni utapeli?"

Sikumlaumu. Sisi wauza dawa na wateja wetu tumezoea vidonge vya namna mbili. Kuna vya malaria: siku tatu, dozi sita, umemaliza, rudi shambani. Na kuna vya maisha: presha, sukari, ARV, ambavyo ukiviacha ugonjwa unainua kichwa. Kladribini, inayouzwa kwa jina la Mavenclad, haikai kwenye kapu lolote kati ya hayo mawili. Mtu wa kilo 65 anameza vidonge 24 katika miaka miwili. Ukijumlisha siku zote alizofungua kopo la maji kwa ajili ya dawa hii, ni siku 20. Mwaka wa tatu na wa nne hamezi kitu. Na bado ugonjwa wenyewe, MS, unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, hauna tiba ya kuuondoa kabisa. Sasa inakuwaje dawa ya siku ishirini izuie ugonjwa wa maisha?

Nilimwambia nitamjibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la mkato lingempotosha. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanga upya kidogo.

Panya na waya

MS ni kifupi cha maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Ubongo na uti wa mgongo huongea na mwili kupitia neva, na neva nyingi zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mielini. Chukua waya wa umeme: shaba ndani, plastiki nje. Panya akitafuna plastiki, taa haizimiki papo hapo. Inapepesa, inafifia, siku nyingine inawaka vizuri mpaka unasahau kwamba kuna panya. Kwenye MS panya huyo ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Seli nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, ambazo kazi yake ni kuwakumbuka na kuwawinda vijidudu, zinavuka hadi ndani ya ubongo na kuitafuna mielini kana kwamba ni adui. Panapotafunwa panabaki kovu.

Kwa huyu dada yangu, binti ya shangazi, ilianza na jicho. La kushoto likaingia ukungu, likawa linauma akilizungusha, na wekundu wa kopo la soda ukaonekana umepauka upande huo. Baada ya wiki tatu jicho likarudi lenyewe. Miezi minane baadaye ikawa miguu: ganzi kuanzia kiunoni kushuka, na mguu wa kulia ukiburuta kiatu. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akaambiwa ni mgongo kwa sababu ya kukaa kitini, na nyumbani wakaanza kumtaja jirani mmoja kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo ugonjwa huu unapowachezea watu shere. Takribani asilimia 85 ya wagonjwa wa MS wanaanza na aina ya kurudiarudia: shambulio linakuja, linakaa siku au wiki kadhaa, kisha linapungua lenyewe, wakati mwingine lote. Kwa hiyo yeyote aliyekutibu mara ya mwisho kabla hujapata nafuu ndiye anayebeba sifa. Aliyekupa sindano ya taifodi anajisifu, shekhe aliyekusomea anajisifu, muuza mitishamba naye anataka kuku wake. Wote wamepokea sifa ya kitu ambacho mwili ulikuwa unakifanya wenyewe. Na kila shambulio linalopita linaweza kuacha kovu dogo, mpaka siku ambayo nafuu haiji yote.

Mwaka 2020 duniani walihesabiwa watu wapatao milioni 2.8 wenye MS, wanawake wakiwa angalau maradufu ya wanaume. Huku kwetu kwenye ikweta ugonjwa ni nadra kuliko Ulaya ya kaskazini. Lakini nadra si sufuri, na mahali ambapo picha ya MRI ni ya kusafiri mbali na kulipia mfukoni, wengi hawaingii kwenye hesabu yoyote.

Dawa iliyozaliwa kutokana na watoto wagonjwa

Kladribini haikubuniwa kwa ajili ya MS. Mwaka 1972 huko Seattle, Marekani, mtafiti Eloise Giblett aligundua kwamba baadhi ya watoto wanaozaliwa karibu bila kinga ya mwili wamekosa kimeng'enya kimoja, adenosini diaminasi. Bila kimeng'enya hicho, mabaki fulani ya kawaida ya mwili yanajikusanya ndani ya limfosaiti na kuziua. Ini linaendelea, ngozi inaendelea, lakini limfosaiti zinakufa.

Kwa mzazi huo ni msiba. Kwa mkemia ni dokezo. Katika taasisi ya Scripps huko La Jolla, California, Dennis Carson na wenzake waliligeuza swali: ikiwa kukosekana kwa kimeng'enya kunaua limfosaiti peke yake, vipi tukitengeneza molekuli inayofanana na yale mabaki, ila kimeng'enya kishindwe kuivunja? Walichoongeza ni atomi moja ya klorini. Molekuli iliyopatikana ndiyo kladribini. Mwaka 1993 Marekani iliiidhinisha, kwa njia ya dripu, kutibu saratani adimu ya damu ambayo seli zake chini ya hadubini zinaonekana kama zimeota nywele. Katika miaka hiyohiyo watu wa Scripps wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa wa MS, kwa hoja rahisi: kama limfosaiti ndizo panya, hii hapa dawa ya panya.

Sasa, kwa nini iue limfosaiti na kuziacha seli nyingine kwa kiasi kikubwa? Hili nilimweleza dada kwa lugha ya kazi yake. Kladribini inaingia kwenye seli za aina nyingi, kama malori yanavyoingia yadi ya forodha. Ndani ya yadi kuna makarani wawili. Wa kwanza anagonga mihuri: ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye dawa, na lori lililogongwa muhuri haliruhusiwi kutoka. Wa pili anafuta mihuri, na lori lililofutiwa linaondoka zake. Kwenye seli nyingi za mwili mfuta mihuri anafanya kazi kwa bidii, kwa hiyo dawa inaingia na kutoka bila kuacha madhara makubwa. Kwenye limfosaiti mgonga mihuri yuko mbio na mfuta mihuri ni mvivu. Malori yanarundikana mpaka yadi inasimama. Dawa iliyorundikana inaharibu DNA ya seli, na seli inakufa, hata ile ambayo ilikuwa imetulia tu bila kugawanyika. Dawa nyingi za saratani huwinda seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana zinanyonyoa nywele na kuchubua utumbo. Kladribini inachagua kwa namna nyingine. Nywele zinaweza kupungua kwa baadhi ya watu, lakini si ule upara tuliouzoea kwa wagonjwa wa saratani.

Dada alinijibu kwa sauti ya kucheka: "Kumbe mnafuta mihuri na nyinyi."

Hapo lile swali la siku ishirini linaanza kufunguka. Dawa yenyewe inatoka mwilini ndani ya siku chache. Inachoacha ni pengo. Limfosaiti zinapungua, na uboho wa mifupa unaanza kutengeneza nyingine. Zile za aina ya B zinarudi ndani ya miezi, za aina ya T polepole zaidi. Ila zinazorudi nyingi ni changa, hazijafundishwa kumchukia mtu. Zile za B zenye kumbukumbu, ambazo watafiti wengi wanazitilia shaka kuwa ndizo zinazochochea mashambulizi, zinabaki chache kwa muda mrefu. Ndiyo maana dawa imeondoka lakini kazi yake inaendelea kuonekana. Kidonge cha presha kinafanya kazi kikiwa ndani ya mwili. Hiki kinapanga upya wafanyakazi, kisha kinaondoka.

Naomba nichepuke kidogo, kwa sababu Mganda hawezi kuzitaja seli B bila kuitaja Mulago, hospitali yetu kubwa ya Kampala. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa unawaua watoto wa huku. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda London kwa Anthony Epstein. Mojawapo ilipelekwa Manchester kwanza kwa sababu ya ukungu, ikafika maabara kioevu chake kimechafuka, na ndani yake seli zinaelea zikiwa hai. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi kipya, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho, nacho kinajificha ndani ya seli B zenye kumbukumbu. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, waliopitia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba hatari ya kupata MS inapanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho. Kirusi si MS. Kingekuwa ndicho, tungekuwa wagonjwa karibu sote. Inaonekana ni lazima kiwepo ili mengine yafuate. Kama kladribini inasaidia kwa sababu inapunguza nyumba za kirusi hicho, hilo halijathibitishwa, na anayekwambia limethibitishwa anauza kitu.

Inasaidia kwa kiasi gani

Jaribio kuu liliitwa CLARITY, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Watu 1,326 wenye MS ya kurudiarudia waligawanywa kwa kura: wengine vidonge vya kladribini, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, wakafuatiliwa kwa wiki 96. Waliopata vidonge vitupu walikuwa na wastani wa mashambulizi 0.33 kwa mwaka. Waliopata dozi inayotumika leo, 0.14. Namba hizo zinasinzisha, kwa hiyo zigeuze hivi: chukua wagonjwa mia moja kwa mwaka mmoja. Bila dawa utahesabu mashambulizi kama 33. Kwa dawa, kama 14. Karibu asilimia 80 ya waliomeza kladribini hawakupata shambulio hata moja katika muda wote huo, lakini hata wa vidonge vitupu, asilimia 61 hawakupata. Hii namba ya mwisho watu huwa hawaitaji, nami naona ni ya lazima. Ndiyo inayoeleza kwa nini muuza mitishamba ana mashahidi wengi wa kweli.

Kisha wengine waliomaliza miaka miwili ya dawa wakapewa vidonge vitupu kwa miaka miwili iliyofuata. Takribani robo tatu yao walipita miaka hiyo bila shambulio. Ndipo ulipotoka ule utaratibu wa "mwaka wa tatu na wa nne hamna kitu".

Usielewe vibaya: dawa hii hairudishi kilichokwishaharibika. Mguu unaoburuta kwa sababu ya kovu la miaka mitatu iliyopita utaendelea kutaka mazoezi na fimbo. Inachofanya ni kupunguza makovu mapya. Na shambulio likitokea leo, tiba yake ni steroidi za nguvu kwa siku chache. Kladribini si ya dharura.

Safari yake ya vibali haikuwa nyoofu. Urusi na Australia ziliikubali mwaka 2010. Ulaya ikaikataa, Marekani nayo mwaka 2011 ikasema bado, na kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani, ikaiondoa. Wasiwasi mkubwa ulikuwa saratani: katika jaribio, wagonjwa wachache upande wa dawa walipata uvimbe wa namna mbalimbali, na upande wa vidonge vitupu hakuna hata mmoja. Waliotetea dawa walisema lile sufuri lenyewe ndilo la ajabu, kwa kuwa katika umati wa kawaida ungetegemea mmoja au wawili. Ilichukua miaka ya kuwafuatilia wagonjwa kabla Ulaya haijakubali mwezi Agosti 2017 na Marekani mwezi Machi 2019. Hata hivyo Marekani waliweka onyo lao zito kabisa kwenye karatasi ya dawa, la mambo mawili: saratani na madhara kwa mtoto aliye tumboni. Nao kwa kawaida wanaielekeza kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimewashinda au haziwafai.

Lango lenye mabawabu wengi

Mpaka hapa dada alikuwa ameshaanza kuuliza bei. Nikamwambia asubiri, bei ni bawabu wa mwisho.

Bawabu wa kwanza ni utambuzi wenyewe. Huku kwetu miguu inayokufa ganzi ina sababu nyingi kabla ya kufika MS: kifua kikuu cha uti wa mgongo, VVU, kaswende, upungufu wa vitamini B12, hata kichocho kilichoingia kwenye uti wa mgongo kwa watu wa kandokando ya ziwa Albert na mto Nile. Na kuna pacha mmoja hatari, ugonjwa unaoitwa nyuromielaitisi optika, unaoshambulia macho na uti wa mgongo kama MS lakini kwa njia nyingine. Kati yetu Waafrika pacha huyo hachukui nafasi ndogo, na baadhi ya dawa za MS zinamfanya awe mkali zaidi. Kuna kipimo cha damu cha kumtambua, kinachotafuta antibodi (kingamwili) dhidi ya protini iitwayo akwaporini 4. Mgonjwa ambaye macho yake au uti wa mgongo wake umepigwa vibaya asikubali kuanzishiwa dawa za MS kabla hilo halijaulizwa. Mimi ningeweka pesa yangu ya kwanza hapo, kabla ya kidonge chochote.

Bawabu wa pili ni maambukizi. Mwenye VVU haruhusiwi kuimeza. Mwenye kifua kikuu hai au homa ya ini inayoendelea haruhusiwi. Fikiria hilo limeandikwa na watu wa Ulaya, ambako ni mstari mmoja kwenye karatasi, halafu ulilete Uganda, nchi iliyokuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Hapa mstari huo ni kazi nzima. Kifua kikuu kilicholala, ambacho hakikukohoza hata siku moja, kinaweza kuamka limfosaiti zikipungua. Kwa hiyo unapimwa, na kikipatikana kinatibiwa kwanza. Homa ya ini B, ambayo kaskazini mwa nchi iko zaidi, vivyo hivyo. Wanapima pia kama umewahi kuugua tetekuwanga, maana kirusi chake ndicho kinachorudi kama mkanda wa jeshi uzeeni au kinga ikishuka, na mkanda wa jeshi ni miongoni mwa madhara yanayojulikana ya dawa hii. Kama hujawahi kukutana nacho, unachanjwa kabla.

Na hapohapo kwenye chanjo: zile zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa zinatakiwa zitangulie kwa wiki nne hadi sita, na haziruhusiwi tena mpaka damu irudi kawaida. Kwa Mganda hiyo inamaanisha chanjo ya homa ya manjano. Kama una safari na hujapata kadi yako ya manjano, ishughulikie kabla ya kidonge cha kwanza, usiikumbuke ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege Entebbe.

Bawabu wa tatu ni mimba. Dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke anapimwa kabla ya kuanza, anatumia uzazi wa mpango wakati wa dawa na kwa miezi sita baada ya kidonge cha mwisho, na hanyonyeshi siku za dawa wala siku kumi baada yake. Mwanaume naye asimpe mkewe mimba kwa kipindi hichohicho. Shangazi aliposikia hili alinuna, kwa sababu binti ana miaka 29 na mahari ilishaletwa. Lakini ukikaa ukahesabu, huenda ni habari njema. Dawa za kila siku zinamfanya mwanamke achague kila mwezi kati ya mtoto na ugonjwa. Hii inamwambia: subiri, maliza mwaka wa pili, ongeza miezi sita, kisha zaa ukiwa bado unafaidi kazi iliyokwishafanyika.

Saratani iliyopo sasa inakufungia lango. Figo mbovu pia zinazuia.

Ukivuka, kinachofuata ni vipimo vya damu. Kabla ya mwaka wa kwanza limfosaiti ziwe za kawaida. Kabla ya mwaka wa pili zisiwe chini ya 800 kwa kila maikrolita ya damu. Kama hazijafika, mwaka wa pili unasogezwa mbele kwa hadi miezi sita; zisipofika hata hapo, dawa inaachwa. Kipimo chenyewe ni picha kamili ya damu, ile ya kawaida ambayo hata maabara nyingi za mjini Busia zinaifanya. Cha kuangalia ni mstari wa limfosaiti. Usiridhike na jumla ya chembe nyeupe.

Namna ya kuimeza

Dozi inafuata uzito. Kwa mtu wa kilo 60 hadi chini ya 70 ni hivi: mwezi wa kwanza, wiki moja ya vidonge sita, viwili siku ya kwanza na kimoja kimoja siku nne zinazofuata. Mwezi wa pili unarudia vilevile. Basi, mpaka mwaka ujao, ambako unafanya hayohayo. Kila kidonge ni miligramu 10, cheupe, cha duara, upande mmoja kimechorwa C na upande wa pili 10.

Kukishika ndiko kuna masharti ambayo wengi hawajawahi kuyasikia kwa dawa ya kumeza. Mikono iwe mikavu. Kidonge kitoke kwenye karatasi yake na kiingie mdomoni saa hiyohiyo, kimezwe na maji, kisivunjwe wala kutafunwa. Kisha unanawa mikono. Kikianguka mezani, meza inaoshwa. Dawa nyingine za kumeza zikae mbali nacho kwa saa tatu. Na unyevu ni adui yake, kwa hiyo ile tabia yetu ya kumwagia vidonge kwenye kikaratasi na kuandika "1x1" haina nafasi hapa. Vibaki kwenye boksi lake, mbali na watoto. Friji haihitajiki, na kwa sisi tunaokatikiwa umeme hilo si jambo dogo.

Kuna dawa nyingine za kumeza za MS. Kwa Marekani fingolimodi ndiyo iliyotangulia, ikapata kibali mwaka 2010. Ni kila siku, na dozi ya kwanza unakaa saa sita ukiangaliwa mapigo ya moyo. Teriflunomidi ni kila siku, daimethili fumarati ni mara mbili kwa siku na inawasha uso kama umekula pilipili. Zinasaidia. Lakini ninayekaa nyuma ya kaunta naona jambo moja: dawa ya kila siku inataka nchi ambayo stoo haikauki. Fingolimodi ukiikatisha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira kuliko ulivyokuwa. Kidonge kinachomezwa siku kumi kwa mwaka hakimtegemei dereva wa lori la dawa kila mwezi. Kwa mtu wa Busia, Arua au Kitgum, hiyo kwangu ndiyo hoja kubwa kuliko zote.

Nadhani hata Shirika la Afya Duniani lililiona hilo. Mwezi Julai 2023, kwa mara ya kwanza, liliingiza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri ya sindano, na rituksimabu ya dripu. Maombi ya awali, mwaka 2019, hayakufaulu. Watu walisambaza habari hiyo WhatsApp kana kwamba vidonge vimeshapakuliwa Entebbe. Hapana. Orodha ile ni ushauri kwa serikali. Kila nchi ina orodha yake, bajeti yake na msajili wake wa dawa. Marekani kozi ya kladribini imekuwa ghali mno. Kwa bei hiyo hata tajiri wa Kololo angekuna kichwa. Ndiyo maana madaktari wengi katika nchi kama zetu huanza na rituksimabu, ambayo ina nakala za bei nafuu na tayari inatumika kwa saratani. Dripu yake inataka hospitali, lakini angalau inapatikana. Ukikutana na mtu anayeuza kladribini mkononi kwa bei ya soko la Owino, mwache aende nayo.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Daktari wake wa neva kule Kampala anatafuta njia ya kuipata kupitia mpango wa msaada, na hakuna uhakika. Wakati huo vipimo vimeendelea. VVU hana, homa ya ini hana, antibodi za yule pacha hazikuonekana. Kifua kikuu kilicholala amekutwa nacho, kwa hiyo amewekwa kwenye isoniazidi, kidonge kila siku kwa miezi sita, pamoja na vitamini B6 ili ganzi isiongezeke juu ya ganzi. Yuko mwezi wa tatu. Jana alipita dukani kuchukua za mwezi huu, akaweka fimbo kwenye kaunta, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kaka, yaani nameza vidonge mia na themanini ili niruhusiwe kumeza ishirini na vinne?"

Nikamwambia na za B6 azihesabu.